Aliyeshuka Galveston

Jumatatu, saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, taa ya meza ilikuwa inawaka katika chumba cha kazi cha Omer Mushagalusa, na chumbani hamkuwa na mtu.

Wawira Njeru aliiona taa hiyo kupitia dirisha la pembeni kabla hajabonyeza kengele. Alikuwa ametoka Carrollton mapema ili foleni isimkute, akaivuka Dallas yote kuja DeSoto. Kwa miaka mingi alikuwa mpelelezi wa polisi Nairobi. Sasa alikuwa na leseni ya Texas na ofisi ya chumba kimoja, na kazi yake kubwa ilikuwa kutafuta watu waliopotea.

Mlango ulifunguliwa na Ndeshi, mke wa Omer, akiwa bado na sare ya maabara ya jana.

"Karibu, dada Wawira. Hiyo taa usiizime. Aliiwasha yeye, ataizima yeye."

"Siigusi. Nieleze tangu mwanzo, Mama Elia."

Ndeshi alieleza akiwa amesimama. Omer aliondoka Ijumaa jioni, akalala Houston kwa binamu yake Parfait. Jumamosi saa nne asubuhi alikuwa na miadi nyumbani kwa mteja. Mteja alisema Omer hakufika. Jumapili mchana polisi walilikuta gari lake kando ya Buffalo Bayou, ule mto mzito wa rangi ya udongo unaoikata Houston, na tangu hapo wazamiaji walikuwa wanamtafuta majini.

"Polisi wanasemaje?"

"Wanasema alipoteza kazi Plano mwezi wa nne. Wanasema mvua ilinyesha na maji yalijaa. Kisha wananyamaza, nimalizie mwenyewe." Ndeshi alivuta kiti, lakini hakukikalia. "Kesho jioni wazamiaji wanaondoka. Kama Omer hayuko majini, basi hakuna mtu anayemtafuta mahali alipo. Ndiyo sababu nimekuita."

Ukuta wa chumba cha kazi ulikuwa umejaa picha. Baada ya kupoteza kazi, Omer alianza kuwatafutia watu asili zao, na alikuwa hodari. Kazi yake ya mwisho ilikuwa ya Dale Helland, mzee tajiri wa Houston. Jumamosi inayokuja taasisi ya familia yake ingezindua sanamu ya baba wa babu yake, Severin Helland, kijana wa Kinorwe aliyeshuka melini Galveston mwaka 1881. Omer alitakiwa kuthibitisha safari tu: meli gani, siku gani, nani alikuwa naye.

"Alikuwa amefika wapi?" Wawira aliuliza.

"Alikuwa amemaliza. Alhamisi alirudi kutoka makaburini kule Bosque, walikozikwa akina Helland, akabandika picha hizo, akazitazama mpaka chakula kikapoa. Kisha akaniambia, 'Nimepata watoto, nimepoteza baba.' Nikamwambia baba wa watoto wa hapa yupo, aje ale."

Wawira alianza upande wa kulia wa ukuta. Norwe: Severin, aliyezaliwa shamba la Helland karibu na Stavanger, mwana wa Tollef. Katikati palikuwa na meli, Hedvig, kutoka Bremen hadi Galveston. Vijana wawili wa parokia moja walilala kitanda kimoja. Siku hizo Mnorwe wa kawaida alibeba jina la baba yake, kwa hiyo wa kwanza aliitwa Severin Tollefsen, mwana wa Tollef, na wa pili Jon Aslaksen, mwana wa Aslak. Jon alikufa kwa homa kabla meli haijatia nanga. Alizikwa baharini.

Upande wa kushoto kulikuwa na mawe matatu ya makaburi. Yalikuwa ya wana watatu wa Severin Helland waliozaliwa Texas: Aslak, 1885. Gunnar, 1887. Severin, 1890.

Wawira aliyatazama kwa muda.

"Mwanao Elia amepewa jina la nani?"

"La baba yake Omer. Mimi nilitaka Goodluck. Tulipiga kura, tulikuwa wawili, nikashindwa."

"Kwetu Embu hata kura haipigwi. Wa kwanza ni babu mzaa baba, wa pili ni babu mzaa mama."

"Omer alisema Wanorwe wa zamani walikuwa hivyo hivyo. Siku aliyogundua alicheka sana. Alisema hawa ni ndugu zetu, wamepauka tu."

"Gunnar alikuwa nani?"

"Baba wa mke. Hilo Omer alilihakikisha."

"Basi wa pili yuko mahali pake." Wawira aligusa ukingo wa picha ya kwanza. "Baba yake Severin alikuwa Tollef. Kwenye watoto hawa hakuna Tollef. Mzaliwa wa kwanza ni Aslak."

Ndeshi aligeuza macho taratibu hadi katikati ya ukuta, kwenye meli.

"Aslak alikuwa baba wa yule mwingine," alisema. "Wa baharini."

"Na wa tatu ameitwa Severin. Wakati ule jina la namna hiyo lilirudishwa kwa ajili ya mtu aliyekufa. Baba hakumpa mwanawe jina lake mwenyewe naye yu hai."

Ndeshi alisogea karibu na picha za mawe, akasoma tena majina. Kisha Wawira aliuliza nani alimlipia Severin nauli. Ndeshi alijua, kwa kuwa Omer alimsimulia kila kitu mezani: baba mdogo aliyekuwa Bosque, asiye na mtoto, aliyemwona Severin mara ya mwisho akiwa mchanga. Tiketi aliituma yeye. Alipokufa, ardhi yake aliiacha kwa Severin, mwana wa ndugu yake Tollef. Leo chini ya ardhi hiyo kulikuwa na visima vya gesi, na gesi hiyo ndiyo iliyojenga taasisi na sanamu yake.

"Jon alipanda, Jon akashuka kwa jina la Severin," Wawira alisema. "Aliyezikwa baharini alikuwa Severin. Homa au mkono wa mtu, hilo halijulikani. Tunachokijua ni kwamba mumeo aliliona jambo hili Alhamisi, na Jumamosi alikwenda kulisema kwa mtu ambaye halikumfaa. Alibeba nini?"

"Kamera. Koti la mvua. Biblia yake ya Kifaransa. Na pilipili zangu."

"Pilipili?"

"Chupa mbili. Moja ya Parfait, moja ya huyo mteja. Omer haendi kwa mtu mikono mitupu, hata kama mtu mwenyewe ndiye anayepaswa kumkaribisha." Ndeshi alifungua droo ya jikoni, akatoa kipande cha kitenge cha bluu chenye samaki wa njano, ukingo wake mmoja umechanwa kwa mkono. "Vifuniko navifunga na hiki. Ni masalio ya gauni langu."

Wawira alikiomba kile kipande, akakitia ndani ya bahasha.

Kabla hajaingia barabara ya Houston alimpigia Sajini Delgado, mpelelezi wa kaunti aliyepewa faili la Omer. Delgado alikuwa mtu wa maneno machache, na hakuwa na kinyongo na wapelelezi wa kulipwa. Alimsomea vitu vilivyokutwa garini: koti la mvua, mfuko wa kamera usio na kamera, Biblia, chupa ya maji.

"Chupa ya kioo ya pilipili?"

"Hapana."

"Kifuniko chake kimefungwa kitambaa cha bluu."

"Njeru, nimesema hapana. Ukitaka jina la kufuata, mfuate binamu. Alituambia marehemu aliondoka peke yake saa tatu. Kamera ya jirani inamwonyesha binamu akitoka na gari lake dakika chache baadaye, mbio, upande ule ule."

"Umemwita marehemu."

"Nimeteleza," Delgado alisema.

Parfait aliishi kusini-magharibi mwa Houston, katika ghorofa ya pili ya jengo lenye harufu ya samaki wa kukaanga. Alikuwa mtu mfupi, macho yamevimba kwa kukosa usingizi. Wawira hakukaa kabla ya kuuliza swali lake.

"Jumamosi ulimfuata Omer kwa gari. Polisi hukuwaambia. Kwa nini?"

"Mama, ikala kwanza," Parfait alisema, akivuta kiti.

"Nijibu kwanza."

"Alisahau chupa." Parfait alionyesha meza. Chupa moja ya pilipili ilikuwa pale, imeliwa hadi nusu, kitenge cha bluu shingoni. "Yangu ni ile. Ya muzungu aliacha hapa pembeni. Nikasema, Ndeshi akisikia atatuua bote babili. Nikakimbia na motokaa, nikamukuta ku kituo cha petroli. Nikamupa. Alikuwa amevaa veste na kravati. Nikamuuliza, unaenda kuoa tena? Akacheka."

"Chupa aliiweka wapi?"

"Aliishika mu mukono, ka mtoto."

"Na polisi?"

"Balikuwa naniuliza juu ya kisu. Juu ya bibi. Kama tuligombana. Hakuna mwenye aliuliza juu ya pilipili, mama. Na mimi nilikuwa naogopa kusema neno lenye habakuuliza."

Wawira alishuka naye hadi kituo cha petroli. Msimamizi aliwaonyesha picha ya kamera: Omer, mrefu, amevaa suti, anapokea chupa dirishani, anaishika kidogo, halafu anaiweka kwenye kiti cha pembeni. Kisha gari linageuka magharibi, kuelekea kwa Helland. Mahali lilipokutwa kando ya mto palikuwa mashariki.

Chupa iliingia garini. Gari lilipopatikana, chupa haikuwemo. Wawira aliondoka.

Nyumba ya Dale Helland ilikuwa ya matofali meupe, nyuma ya mialoni mikubwa. Mwenyewe alifungua mlango. Umri wake ulikuwa kama miaka sitini na saba, mnyoofu, shati limepigwa pasi. Alimkalisha Wawira sebuleni na kuzungumza kwa upole wa mtu aliyezoea kusikilizwa.

"Nimemwambia sajini, na mke wa Omer pia. Nilimsubiri mpaka saa sita. Hakufika."

"Hujawahi kumwona ana kwa ana?"

"Kwa simu tu. Sauti nzuri. Inasikitisha sana."

"Alikuambia amepata nini?"

"Alisema kazi imekamilika. Nilitarajia habari njema."

Wawira alikuwa anatazama zulia. Karibu na dirisha palikuwa na mashimo manne, alama za kitu kizito kilichokaa miaka mingi, na kati yake rangi ya zulia ilikuwa nyeusi zaidi, haijapigwa na jua. Pembeni, sakafuni, kulikuwa na mtungi wa maua. Maua yalikuwa bado hayajanyauka.

"Hapo palikuwa na nini?"

Helland hakugeuka kutazama. "Kasha la babu Severin. La safari. Alilolala nalo melini. Limekwenda ghalani kwetu kusubiri uzinduzi."

"Lini?"

"Ijumaa. Wapagazi wawili walilichukua."

"Ijumaa."

"Ndiyo, Ijumaa."

Simu yake ililia. Aliomba radhi, akaingia chumba cha pili na kufunga mlango. Katika ukumbi alipita mwanamke wa makamo mwenye sare ya uuguzi, sinia mkononi. Alisimama, akamtazama Wawira juu mpaka chini.

"Hiyo kuongea kizungu ni ya kwetu. Wewe ni wa wapi?"

"Embu. Naitwa Wawira."

"Mimi ni wa Iten. Joyceline Jeptoo. Namchunga mama yake, ako na miaka tisini na tatu. Kuja jikoni, boss akishika simu haachi. Chai iko."

Jikoni Joyceline alimimina chai ya maziwa, akaweka mayai kwenye sahani bila kuuliza, akafungua friji.

"Weka na hii. Niliipata hapa jana jioni nikirudi shift. Imenichoma hadi nika-chart vital signs za mama, presha na joto, nikilia."

Aliweka mezani chupa ya kioo. Shingoni ilikuwa na kitenge cha bluu, samaki wa njano, ukingo mmoja umechanwa.

Wawira hakuigusa. Alitoa bahasha, akakunjua kipande cha Ndeshi karibu na shingo ya chupa. Samaki aliyekatwa mkia kwenye kipande kimoja alipata mkia wake kwenye kingine.

"Nani mwingine ameishika?" aliuliza, akikirudisha kipande kwenye bahasha.

"Ni mimi tu. Hapa nani mwingine anakula pilipili? Kwani ni ya nani?"

"Ya mtu ambaye hakufika hapa."

Joyceline aliweka birika chini.

"Ulitoka lini, ukarudi lini?"

"Nilitoka Saturday asubuhi, saa moja. Nikarudi jana jioni. Weekend boss hukaa na mama yake mwenyewe."

"Saturday asubuhi lile kasha la sebuleni lilikuwepo?"

"Lilikuwepo. Mimi ndiye niliweka maua juu yake, mama hupenda. Jana nimerudi nikapata maua chini, kasha hakuna. Nikadhani wamelipeleka kwa ile sherehe yao." Alishusha sauti. "Wawira, unaniogopesha."

"Mlikuwa mnaongea lugha gani?"

Helland alikuwa mlangoni. Haikujulikana alisimama hapo tangu lini.

"Kiswahili, sir," Joyceline alisema.

"Inapendeza. Mnazungumzia nini?"

"Mapishi," Wawira alisema.

Helland aliitazama meza. Alitazama sahani, kisha chupa, kisha kitenge. Alisogea, akakichukua kifuniko, akakifunga na kukikaza polepole, akairudisha chupa kwenye friji nyuma ya maziwa. Hakuuliza imetoka wapi.

"Kuna jingine, Bi. Njeru?"

"Hakuna."

Joyceline alimsindikiza hadi nje. Walipofika kwenye gari Wawira alizungumza bila kugeuza kichwa.

"Leo usilale hapa. Mpeleke mama hospitali sasa hivi. Sema presha imepanda."

"Presha ya nani?"

"Yoyote utakayoipima."

Alitoka getini, akasimama barabarani mahali ambapo gari la Helland lisingeweza kupita bila yeye kuliona, akampigia Delgado. Alimpa mambo kwa mpangilio. Omer aliondoka kituo cha petroli akiwa na chupa, kamera inaonyesha. Chupa hiyo iko ndani ya friji ya mtu aliyesema Omer hakufika, na kitambaa kinaoana na kilichobaki DeSoto. Mtu huyo anasema kasha liliondoka Ijumaa, na muuguzi aliweka maua juu yake Jumamosi.

"Kwa nini mtu amuue mwenzake kisha aweke pilipili yake kwenye friji?" Delgado aliuliza.

"Aliipokea mlangoni kabla hajajua habari iliyokuja nayo. Mgeni anakupa zawadi, unashukuru, unaiweka jikoni, mnakaa. Kilichofuata kilimsahaulisha. Kwake haikuwa kitu. Angekuwa mtu wa kwetu angekumbuka, maana kwetu mgeni hukumbukwa kwa alicholeta."

"Na sababu?"

"Sababu iko makaburini Bosque. Nitakuandikia. Kwanza tafuta wapagazi."

Muda mfupi baadaye gari la Joyceline lilitoka, bibi kizee amefungwa mkanda kiti cha pembeni, amevaa kofia ya kulalia. Joyceline alipita bila kupunga mkono. Helland alibaki ndani. Kwenye dirisha la sebule umbo lake lilisimama mahali kasha lilipokuwa, likakaa hapo.

Wapagazi walipatikana kabla ya saa kumi. Walisema waliitwa Jumapili asubuhi. Walilikuta kasha limeshafungwa kwa kufuli jipya. Mzee aliwaambia limejaa vitabu. Mmoja wao alikuwa ameumia mgongo na hajaenda kazini tangu siku hiyo.

Hakimu alitia saini hati ya upekuzi saa kumi na moja. Maofisa wawili walitumwa nyumbani kwa Helland, ambako walimkuta amekaa sebuleni, na kwenye sinki la jikoni chupa imeoshwa, imegeuzwa ikauke. Kitenge kilikuwa ndani ya pipa la taka.

Ghala la taasisi lilikuwa karibu na bandari, jengo la bati lenye viyoyozi vilivyowekwa baridi kali. Sanamu ilikuwa imesimama katikati, imefunikwa turubai, mguu mmoja tu wa shaba ukionekana, umeinuliwa kama wa mtu anayeshuka ngazi. Kasha lilikuwa nyuma yake. Lilikuwa jekundu, limechorwa mawaridi, na mbele yake jina: Severin Tollefsen Helland, 1881.

Delgado alilitazama jina hilo, kisha akamtazama Wawira.

"Rudi nyuma kidogo," alisema.

Kufuli lilikatwa. Maofisa wawili waliinua kifuniko.

Omer Mushagalusa alikuwa ndani, amelala kwa ubavu, magoti yamekunjwa hadi kifuani, ndani ya nailoni nzito iliyofungwa kwa utepe wa gundi. Alikuwa amevaa suti na tai. Kamera ilikuwa miguuni pake.

Delgado alitoka nje, akawasiliana na wazamiaji, akawaamuru watoke majini. Kisha aliwasiliana na maofisa waliokuwa kwa Helland, akawaambia wamtie pingu.

Simu ya DeSoto Wawira aliipiga mwenyewe. Alisema yaliyothibitishwa, kwa mpangilio, bila kuongeza. Ndeshi alisikiliza mpaka mwisho, akauliza jambo moja.

"Chupa ilifika?"

"Ilifika."

Hatua za Ndeshi zilisikika simuni zikivuka sakafu ya mbao. Saa moja na robo jioni, alizima taa ya meza.